Kibanda cha Mwali cha Kiranjeranje

Siku yangu ya kwanza kazini, Lindi mjini, enzi za Mwingereza, nilikabidhiwa watoto ambao hawajafikia umri wa darasa la kwanza. Wengine walikuwa wanalia, mmoja kaning'ang'ania gauni. Mkuu wa shule, bibi wa Kizungu, akaniambia nisiwafundishe chochote kabla sijawatazama wakicheza. Nilidhani ananitania. Kwetu Nyangamara mtoto akionekana anacheza hutumwa maji.

Baadaye nilimwelewa. Mtoto akifinyanga udongo, vidole vyake vinapata nguvu ya kushika chaki. Akipanga komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, anahesabu bila kuambiwa. Na kujipikilisha, yaani kupika mchanga kwenye kifuu na kuwagawia wenzake, kunamfundisha kusubiri zamu. Hilo ndilo tuliloliita darasa la vidudu. Siku hizi mnasema chekechea.

Nikahamishiwa Kiranjeranje. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mpole, ila mwoga mno wa wakubwa. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wao wanashinda mchangani, na mimi sikutulia hata siku moja. Nilihesabu vichwa kila asubuhi nikiogopa nani katolewa.

Watoto walijenga kibanda cha makuti nyuma ya darasa. Wasichana wakawa wanamwingiza humo Zuhura, mdogo wao mwenye maneno mengi, wanamfunika kaniki, wanacheza mwali. Nyimbo walikuwa wamezidokoa nyumbani, dada zao walipowekwa ndani kufundwa. Mambo ya unyago ni ya wanawake, na nyimbo zake hazisikiwi na mwanamume. Lakini watoto huigiza kila kitu, nami nikawaacha.

Ndipo akaja Mkaguzi wa Shule, Mwingereza. Alichungulia kibandani, akapendezwa, akaagiza mchezo ule ule uoneshwe siku ya wazazi, yeye mwenyewe akiwepo.

Nilimfuata Mwalimu Mkuu nikamweleza kwamba kina mama wakisikia nyimbo zile zinaimbwa mbele ya wanaume, watachukua watoto wao na hawatarudi. Akajifuta jasho.

"Mwalimu, na Mkaguzi asipouona mchezo wake, darasa lako analifunga," akasema. "Wewe chagua."

Ningechagua nini? Nilizunguka uwanja ule kama kuku anayetaka kutaga. Mwisho nikaenda kwa Bi Mwanahawa, kungwi wa pale, aliyewafunda karibu wanawake wote wa kijiji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wacheze, mwanangu," akasema. "Ila mlango wa kibanda uelekee tutakakokaa sisi."

"Na nyimbo, bibi?"

"Nyimbo tuachie."

Siku ilipofika, wanaume na Mkaguzi walikaa upande mmoja, wakamwona Zuhura akipitishwa amefunikwa kaniki, kisha wakabaki kutazama ukuta wa makuti. Wanawake walikaa upande wa pili, mbele ya mlango. Watoto walipofungua vinywa tu, Bi Mwanahawa akapiga kigelegele, wenzake wakadakia, na hawakunyamaza mpaka mchezo ukaisha. Hakuna mwanamume aliyesikia neno. Mkaguzi aliuliza kulikoni, Mwalimu Mkuu akamjibu kwamba kina mama wamefurahi sana. Naye akafurahi. Darasa likapona, na hakuna mtoto aliyetolewa.

Jumatatu nilifika mapema, moyo umejaa furaha. Watoto walikuwa wamesimama mstari mbele ya kibanda, wananitazama. Wakaniuliza kama wageni wanakuja. Nikawaambia hakuna wageni, wacheze. Hawakusogea. Zuhura alikuwa na kaniki mkononi.

"Mwalimu," akasema, "sasa tukacheze wapi ambako hamtuoni?"

Kibanda kile hawakukiingia tena, na mvua za masika zikakiangusha. Niliumia kuliko ambavyo ningeumia kama darasa lingefungwa.

Nilifundisha miaka mingi baada ya hapo, hata Kilwa Kisiwani, na kazi iliyonishinda kuliko zote ilikuwa kuwapa watoto mgongo wakicheza, huku masikio yakiwa wazi. Nimestaafu. Ninyi walimu vijana mnanialika kwenye sherehe zenu, watoto wamevalishwa, wamepangwa mstari, wanaonesha michezo. Nashukuru kwa kiti cha mbele mnachonipa. Mkiniona nimeinuka kabla hawajaanza, msinifuate kuniuliza kama naumwa.