Aya Iliyoniangukia Mimi

Harufu ya nta bado hunirudisha darasa la sita. Shule yetu, pale Tabora mjini, ilifuga nyuki, maana siku zile za kujitegemea kila shule ilizalisha kitu, na madebe ya asali yalikaa stoo moja na vitabu. Kila kitabu tulichofungua kilinukia nta, na kurasa nyingine zilinata vidoleni.

Kitabu ninachokikumbuka ni hadithi ndefu, iliyobaki tangu enzi za Mwingereza. Ilisimulia safari ya tajiri mmoja kutoka pwani hadi Ujiji na kurudi, akipita hapa hapa kwetu na wapagazi na mateka. Wazazi kadhaa, baba yangu akiwamo, walitaka kitolewe, kwa kuwa kilimfanya mtu mweusi kichekesho. Mwalimu Tatu aliwajibu kwa upole, "Nipeni muhula huu tu, wazee wangu."

Tulisoma kwa zamu, kila mtoto aya moja. Ninyi mliosoma hivyo mnajua: husikilizi hadithi, unahesabu aya ili uijue yako. Niliiona yangu. Iliwaeleza mateka wa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwamba hawana akili na wasipochapwa hawatembei. Baba yake bibi yangu aliletwa Tabora katika msafara wa namna ile, akiwa mtoto. Darasa zima lilijua sisi ni Wamanyema.

Zamu ikafika. Nikasimama, sauti haikutoka. Hata siku za kawaida nilikuwa mtoto wa kunong'ona.

"Soma basi!" akasema Maganga, aliyekaa nyuma yangu. "Si habari za babu yako hizo?"

Darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Tatu hakukifunga kitabu, wala hakushika fimbo. "Maganga, msaidie mwenzako. Soma wewe."

Maganga akasoma, kicheko kikipungua kila mstari.

"Yule tajiri anaitwa nani?" mwalimu akamuuliza.

Akamtaja.

"Na punda wake?"

"Johari, mwalimu."

"Na huyu anayechapwa?"

Maganga akafunua nyuma, akafunua mbele. "Hana jina, mwalimu."

"Punda ana jina, mtu hana. Nani kamnyima?"

"Aliyeandika."

Hapo mimi, nisiyejua kunyoosha mkono, nikajikuta nikisema, "Babu yangu aliitwa Kashindi." Bibi alimtaja baba yake huyo kila tuliposoma hitima.

"Rudia, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia, kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo.

Wakati wa mapumziko Maganga alinifuata, akichorachora vumbi kwa kidole cha mguu. "Wa kwetu walikuwa wapagazi," akasema. "Ila majina yao siyajui. Nitamuuliza mama."

Mwaka uliofuata vilikuja vitabu vipya, vizuri, vyenye mashujaa wetu, na kile kikaondolewa. Baba alifurahi. Mimi nami sikukililia. Lakini nikisikia watu wakibishana kama watoto waendelee kusomeshwa vitabu vya namna ile, humkumbuka Mwalimu Tatu. Utotoni nilidhani alinionea huruma tu. Nimeelewa ukubwani kwamba maneno kama ya aya ile yalikuwa yakinifuata kisimani na sokoni kabla sijajua kusoma, na huko hakuwepo mtu wa kuwauliza wasemaji swali. Darasani alikuwepo yeye. Mungu amlipe.