Kome Waliooza Bombani

Kiwanda chetu cha barafu kilivuta maji ya Ziwa Tanganyika kwa bomba pana, na ndani ya bomba hilo waliota kome wadogo kama kucha, wamebebana tabaka kwa tabaka. Fundi mkuu alisema si wenyeji wa ziwa hili, walikuja wamejibandika kwenye boti. Mimi niliyeendesha pampu nilipaswa kutia klorini kidogo kila asubuhi, wasipate kushika.

Nikaenda kuzika ndugu kijijini Kasekese, nikakaa siku nne. Niliporudi nilifanya kama mtu anayelipa swala zilizompita: nikamimina dawa ya siku zote nne kwa mara moja, nikasema alhamdulillahi. Kome wakafa humo humo bombani.

Nimeosha maiti wengi, na sikuwahi kugeuza uso. Siku ya tatu baada ya dawa ile niligeuza. Maji yalitoka na vipande vya nyama ya kijivu, laini, vinateleza vidoleni kama makamasi. Nilipofungua chujio, uji mzito ulinimwagikia hadi kiwikoni. Nilinawa kwa sabuni mara tatu, na bado nilipoinua mikono kuanza swala ya adhuhuri, uvundo ulinijia usoni.

Fundi alisema maji yakiganda harufu itakwisha. Tukagandisha.

Kesho yake akaja mama mmoja na migebuka wabichi wa kupeleka Kashaulili, kwa mwenye hoteli aliyekwisha kumwonya kwamba samaki wakinuka tena asirudi. Fundi akamhakikishia barafu ni nzuri. Mama akanigeukia mimi.

"Shikamoo mzee. Hii wewe ungeitia kwenye kikombe chako?"

"Mzee huyo anakunywa chai ya moto tu, mama," fundi akadakia. "Utamuua bure."

Nilivunja kipande, nikakinusa. Ndani ya barafu nyeupe kulikuwa na kiuzi cha nyama.

"Marahaba, mwanangu. Nisingeitia. Hata mbwa nisingempa. Na aliyeharibu ni mimi."

Fundi alinitazama kama nimemtemea mate. Mama akatoa simu. Alimpigia simu mwenye hoteli kwamba leo hakuna samaki, akachutama pale pale ufukweni, akawapasua migebuka wote na kuwatia chumvi.

Sisi tukazima pampu. Nilikwangua bomba siku mbili, kitambaa puani, nikiomba subira kwa kila koleo. Uchafu ule tuliuzika mbali na nyumba za watu, na nzi wakatufuata hadi huko.