Nyumba Sitini na Mbili za Mtongwe

Nyamvula binti Rama alikuwa mfagiaji katika zahanati moja ya Likoni, lakini wagonjwa wengi walimwita nesi, naye hakuwasahihisha. Mwaka huo wa 1959 alikuwa na miaka thelathini na miwili, mtalaka, hana mtoto, mrefu, mwenye mwendo wa haraka hata wenziwe wa Mtongwe wakamtania kwamba kuna mtu anamkimbiza.

Kusoma alisoma chuo cha Kurani tu, kwa herufi za Kiarabu, mpaka alipofika miaka tisa. Hapo mamake alifariki, akachukuliwa na mama yake mdogo, Bi Dhahabu, ambaye ndiyo kwanza amejifungua mtoto wa kiume. Chuo kikaishia hapo. Nyamvula akawa wa kumbeba yule mtoto mgongoni, kumkogesha, kumlisha uji, na alipokua, kumpeleka shule ya serikali na kumngoja nje hadi watoke. Mtoto mwenyewe ndiye Mwidani.

Mwidani alikuwa na kichwa chepesi. Alimaliza shule ya Likoni, akavuka kwenda kusoma kisiwani Mombasa, kisha akapanda gari moshi hadi Kampala, kwenye chuo kikuu, kusomea mambo ya tiba. Mtongwe ilimsomea dua. Watu walikuwa hawajamwona mtoto wa Kidigo wa pale kwao akienda mbali hivyo kwa ajili ya vitabu.

Likizo ndefu ya mwaka huo alirudi na sanduku la mbao lenye darubini ya kutazamia vijidudu ndani yake. Alisema wamefika kwenye somo la afya ya umma, na kila mwanafunzi ametakiwa aende kwao achunguze ugonjwa mmoja, aandike alichokiona.

"Daktari wa hospitali humtazama mgonjwa mmoja," alimweleza Nyamvula jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. "Sisi tunautazama mji mzima kana kwamba ni mtu mmoja. Tunauliza, mji huu unaumwa wapi, na kwa nini uumwe hapa na si pale."

Nyamvula aliacha kupeta mchele. Miaka sita yote ya zahanati alikuwa akiwaona watoto wale wale, weupe wa macho, nyuso zimevimba, wakipewa dawa ya kuongeza damu, wakirudi nyumbani, na baada ya miezi miwili wakiletwa tena. Hajawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

"Ni safura," alisema.

"Ndiyo. Na safura ni minyoo, dada. Mayai yake yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa mchangani, halafu vidudu vinaingia kwenye nyayo za anayekanyaga bila viatu. Si chakula wala maji. Ni nyayo."

Kazi yenyewe ilikuwa ya aibu. Kila nyumba ilitakiwa itoe kinyesi cha kila mtu, kidogo tu, ndani ya kiberiti kitupu. Mwidani alijaribu peke yake siku mbili, akarudi na viberiti vitatu. Wanawake walimfungia milango, wengine walimcheka. Ndipo alipomwomba Nyamvula.

"Wewe wanakujua. Wewe wakikwambia la, watakwambia wakiwa wamekukaribisha ndani."

Nyamvula hakukubali papo hapo. Aliuliza majina yatakwenda wapi.

"Majina yatabaki kwako," Mwidani alisema. "Mimi kila nyumba nitaipa nambari. Kule chuoni watasoma nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, basi. Wallahi, dada, jina la mtu halitoki Mtongwe. Na mwakani nikirudi, kila mwenye minyoo atapata dawa yake mkononi."

Maneno hayo Nyamvula aliyachukua akayapeleka nyumba hadi nyumba kama yake. Akitoka kazini alianza ufuoni, akapanda juu hadi msikitini. Aliuliza nyumba ina watu wangapi, ina choo cha shimo au wanakwenda msituni, watoto wanavaa viatu au la. Yote aliyaandika kwenye daftari kwa herufi zake za Kiarabu, kutoka kulia, na asubuhi alikaa na Mwidani akamsomea, naye Mwidani akinakili kwa Kizungu.

Wa kwanza kumfungulia alikuwa Mwanabibi, shoga yake, aliyeuza mahamri na mbaazi kwa vibarua wanaongoja feri. Alicheka mpaka akakaa chini. "Nyamvula, umekaa zahanati miaka yote hii, mwisho wake ndio huu?" Lakini asubuhi viberiti vitano vilikuwa barazani vimepangwa. Mzee Bakari, jirani wa Mwanabibi, ndiye aliyemsumbua. Alimfukuza mara ya kwanza. Ilibidi amruke, amalize safu nzima ya nyumba, arudi kwake baada ya siku tano na kumwapia tena kwamba hakuna atakayejua.

"Naapa kwa niaba ya Mwidani," alisema.

"Mwidani simjui siku hizi," Mzee Bakari alijibu. "Nakujua wewe."

Walimaliza nyumba sitini na mbili. Mwidani alimfundisha kutazama kwenye darubini, na Nyamvula akayaona mayai yenyewe, mviringo mrefu, ganda jembamba kama ngozi ya kitunguu. Wiki ya tano alikuwa anayahesabu mwenyewe. Mwidani akirudia hesabu, zinalingana.

"Dada, wewe ungekwenda shule ungetushinda wote," alimwambia siku moja, bila kuinua jicho. "Nikimaliza nitakutafutia nafasi ya kusomea uuguzi. Nitawaambia nimefanya kazi na nani."

Nyamvula alitoka nje akijifanya anakwenda kumwaga maji. Alisimama uani, amekamata ndoo, machozi yakimtoka kwa furaha asiyotaka ionekane.

Siku ya safari alimsindikiza hadi stesheni. Mwidani alimwomba daftari akahakikishe tarakimu, akaahidi kulirudisha. Nyamvula akampa.

Mwaka uliofuata Mwidani hakuja. Alileta barua kwamba masomo ni mengi. Dawa haikuja. Nyamvula aliwaambia watu wangoje, chuo ni chuo, mambo yake hayaendi mbio. Mwanabibi alikuwa akimtania, "Minyoo yangu inakusalimu," na wote wakicheka.

Mwezi wa Machi 1961, bwana afya alivuka na askari wawili na karatasi. Nyamvula alikuwa kwa Mwanabibi akinywa chai walipobisha. Bwana afya, mtu mfupi wa kaptula ya kaki, alisoma majina ya nyumba moja baada ya nyingine: huyu hana choo, afike barazani kwa hakimu, huyu hana choo, afike. Alipofika kwenye jina la Mwanabibi alisoma zaidi. Imeonekana ana minyoo tumboni, na anauza chakula kwa watu. Kuanzia leo asiuze.

Meza yake ya mahamri ikachukuliwa, pamoja na karai.

Nyamvula alisimama. "Bwana, safura haipiti kwenye mahamri. Inaingia kwenye nyayo. Huwezi kuambukizwa kwa kula."

Bwana afya alimtazama kanga na miguu. "Wewe ni daktari?"

"Mimi ni wa zahanati."

"Basi kafagie."

Askari walicheka. Aliendelea kusoma, na Nyamvula akawa anasikiliza mpangilio wa majina. Baada ya Mwanabibi lilipaswa kufuata jina la Mzee Bakari, nyumba zinagusana. Halikufuata. Zilisomwa nyumba kumi na moja nyingine, ndipo Bakari akatajwa, mwisho wa safu, pale pale alipomwandika baada ya kurudi mara ya pili. Hakuna mtu duniani aliyezipita nyumba hizo kwa mpangilio ule ila yeye.

Mwanabibi naye alikuwa ameshaelewa. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikupa mimi, kwa mkono wangu," akaingia ndani.

Kesho yake Nyamvula hakwenda kazini. Alivuka feri akaenda kwenye ofisi ya afya kisiwani ambako, alikuwa amesikia, Mwidani ameajiriwa tangu mwezi mmoja. Mwezi mmoja yuko Mombasa na hajafika kwao. Alimkuta nyuma ya meza, shati jeupe, amenenepa kidogo. Alinyanyuka upesi, akamtoa nje tarishi aliyekuwamo.

"Karibu, dada. Mama hajambo?"

"Orodha wameipata wapi?"

Mwidani alipanga kalamu zake. "Mkubwa wa hapa ndiye aliyetakiwa kutia saini kazi yangu, kwamba kweli niliifanya. Alisema bila majina hawezi kujua kama nilizunguka au nilikaa nikatunga. Nikampa akague. Sikujua ataitumia hivi."

"Ulimpa lini?"

Alizipanga tena kalamu.

"Mwidani. Ulimpa lini?"

"Likizo ile ile. Kabla ya safari."

Nyamvula alihesabu siku. Kwa hiyo alipomsindikiza stesheni, alipompa daftari alihakikishe, majina yalikuwa yameshanakiliwa na kutolewa. Daftari lilichukuliwa ili lisibaki kwake, basi.

"Na Mwanabibi? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba si chakula. Unajua kwamba hawana haki ya kumzuia."

"Najua."

"Umewaambia?"

"Mimi mgeni hapa, dada. Siwezi kuanza kazi kwa kumsahihisha mkubwa wangu." Alifungua saraka ya meza akatoa kitabu chembamba, kilichopigwa chapa vizuri. "Kazi yenyewe ilisifiwa sana. Tazama. Na jina lako sikulitia popote, nilikuficha, mtu asije kukulaumu."

Nyamvula alikipokea. Kizungu hakukijua, lakini tarakimu alizijua. Aliziona zote, ukurasa kwa ukurasa, hesabu zake mwenyewe, mayai aliyoyahesabu kwa jicho lake. Aliyageuza majani mpaka mwisho, akakirudisha mezani taratibu.

"Nafasi ya uuguzi," Mwidani alisema, "bado naitafuta."

"Usiitafute," alisema, akatoka.

Aliporudi Mtongwe alikwenda kwa Bi Dhahabu, akamweleza yote. Mama yake mdogo alisikiliza huku akisuka ukili wa mkeka, na mkono haukusimama.

"Mwanangu ni mtu mkubwa sasa," alisema mwishowe. "Watu watasahau choo. Wewe usiende ukamharibia jina."

Nyamvula alikwenda hata hivyo. Nyumba zote sitini na mbili alizirudia, akasimama mlangoni, akasema aliyetoa orodha ni Mwidani na aliyeapa ni yeye. Baadhi walimwambia yamepita. Wengi hawakumwamini, walidhani yeye mwenyewe amepewa kitu ayatoe majina. Mzee Bakari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nilikwambia nakujua wewe." Kwa Mwanabibi mlango ulikuwa wazi, lakini hakuambiwa karibu.

Zahanati nayo ikawa taabu. Wanawake walikuja, wakimwona yuko zamu, wakageuza na watoto wao wagonjwa. Hilo ndilo lililomshinda. Kabla mwaka haujaisha aliomba kazi Changamwe, kwenye zahanati ya wafanyakazi wa viwanda, akapanga chumba kati ya watu wa bara wasiomjua. Hapo ndipo daktari mmoja alipogundua kwamba mhudumu wake anaijua darubini, akamweka kwenye maabara. Nyamvula hakumwambia alijifunza kwa nani.

Wiki moja kabla ya uhuru, mji ukipambwa bendera, Nyamvula aliinua kichwa akamwona Mwanabibi mlangoni pa maabara. Alikuwa amehamia kwa mwanawe aliyeajiriwa kiwandani, na mgongoni alikuwa na mjukuu, uso umevimba, midomo myeupe. Alitaka kurudi nyuma. Mtoto akalia.

"Mlete," Nyamvula alisema.

Walisalimiana kwa uchache. Alipima, akayaona mayai, akampeleka kwa daktari, na mtoto akapewa dawa ya safura pale pale, kidonge chenye harufu kali. Mwanabibi alikitazama kile kidonge muda mrefu.

"Ndiyo hiyo tuliyokuwa tuletewe?"

"Ndiyo."

Kadi ya mtoto ilikuwa mezani, Nyamvula ameshaijaza kwa penseli, kwa herufi za Kizungu alizojifunza ukubwani. Mwanabibi aliigusa kwa kidole.

"Umeandika nini hapo?"

Nyamvula akamsomea. Jina la mtoto, umri, ugonjwa, mtaa wanaokaa, nambari ya nyumba.

"Mtaa futa," alisema Mwanabibi. "Na nambari futa."

Haikuruhusiwa. Nyamvula alichukua raba akafuta, akapuliza vumbi lake, akamwonyesha. Mwanabibi hakujua kusoma, lakini aliinama akatazama mpaka akaridhika kwamba pale hapana kitu. Kisha alimfunga mtoto mgongoni, akauliza siku ya kurudi, akaambiwa Jumatano, akaenda zake.