Chumvi Katika Chakula cha Ndege

Sijui kama Bukavu nzima kulikuwa na mwanaume mwingine aliyefunga aproni ya mke wake kila asubuhi, vita ikiwa mlangoni, akachemsha yai, akajiona mtu wa maana. Na yai lenyewe halikuwa langu. Lilikuwa la ndege.

Hao ndege walikuwa jozi ya chiriku wa kizungu, wadogo kama kidole gumba, midomo myekundu. Niliachiwa na mwalimu wa kigeni tuliyefundisha naye bayolojia, alipofungasha virago na kukimbia. Wenzangu aliwaachia friji na magodoro. Mimi aliniachia tundu na masharti: jike akitaga, wapewe yai la kuchemsha. Lichemke mpaka kiini kiwe unga. Liponde kwa uma, tia ganda lililosagwa na makombo ya mkate mkavu. Chumvi usitie hata chembe, inaua ndege wadogo. Aliyasema hayo mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, nami nikayapokea kama kiapo.

Mke wangu alikuwa na kuku wake nyuma ya nyumba. Siku ya kwanza alinitazama ninavyoponda yai lake, mikono kiunoni.

“Sheri wangu, siye tunakula majani ya sombe bila mafuta, na ndeke banakula mayai?”

Nikamjibu kwa sauti ya darasani kwamba jike anayetaga anahitaji protini na kalsiamu.

“Na mimi niko nini? Dume?”

Nikaendelea kuponda. Hatukuwa tumepata mtoto bado, na majirani, walipoona vifaranga vimejaa tunduni, walipita wakicheka: “Mwalimu, ndeke bamekushinda!” Nilicheka nao, lakini moyoni nilikasirika. Vile vifaranga niliviona ni kazi yangu, nikavigawa kwa walimu wenzangu nikijisifu kama babu.

Kisha vita ya pili ikafika Nyangezi, kijijini kwao mke wangu, na mama mukwe, mama wa mke wangu, akaingia mjini kwa miguu na mkeka na jembe. Hakuwa na mtoto mwingine wa kumkimbilia.

Sasa, kwetu mukwe hatazamwi. Mama mukwe haketi alipo mume wa binti yake, hamwangalii usoni, hasemi naye ila kwa kupitia mtu. Na zaidi ya yote, hali chakula cha nyumba ya huyo mume. Wakati wa amani mwiko huo hauna taabu, kila mtu anakaa kwake. Lakini sisi tulikuwa na vyumba viwili, salon ya wageni na baraza. Nilikohoa kabla ya kutoka chumbani ili apate kukimbia. Naye alikohoa jikoni ili mimi nirudi nyuma. Mpita njia angedhani ni hospitali ya kifua kikuu.

Kukohoa tuliweza. Kula ndiko kulikotushinda. Mke wangu alimpelekea bugali na sambaza, visamaki vya ziwani, akajibu, “Nimeshiba,” akaomba maji. Jirani alipokuwa na ndizi alimpa, na hizo alikula, lakini majirani nao walikuwa na njaa zao. Padri alikuja kumwambia kwamba Mungu hajakataza. Akaitikia, “Ndiyo, mon père,” akabaki na njaa yake. Zamani wanawake wa milimani hata mayai hawakula. Mwiko huo masista wa kituo cha afya waliupiga mpaka ukafa, ila huu wa mukwe hata masista hawakuugusa. Shingo yake ikawa nyembamba, kitambaa cha kichwa kikawa kikubwa kuliko uso.

“Mama atanifia humu,” mke wangu alilia. “Atakufa ju ya adabu!”

Na mimi je? Mimi nilikuwa ninafurahi, kwa sababu ndege wangu walikuwa wanakula vizuri mno. Kibakuli nilichoweka barazani kando ya tundu, ili chakula kipoe kabla ya kuwagawia, kilikuwa kinabaki na kidogo tu chini. Mke wangu aliniambia ameshawapa. Nikaongeza yai la pili. Likaisha. Nikatamba shuleni kwamba chiriku wangu wana afya ya ajabu, nikafikiria hata kuwaandikia watu wa chuo kikuu. Mwalimu wa bayolojia mzima! Ilinichukua muda mrefu kujiuliza ndege wawili wa ukubwa wa kidole gumba wanaweka wapi mayai mawili.

Nikaamua ni panya. Asubuhi moja nikajificha nyuma ya pazia la salon, sandali mkononi, tayari kuua.

Akatokea mama mukwe. Alichota chembe chache, akawapa ndege kwanza, akiwaita kwa ulimi kama anaita kuku. Kisha akaipa nyumba mgongo, akafunika mdomo kwa kitenge, akala.

Mamawe! Kumwona mama mukwe anakula ni balaa kuliko yote. Nikaanguka chini nikatambaa, tai shingoni, sandali mkononi, nikavuka salon kwa magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi sikuwa nataka kitu, nilikuwa nakimbia. Nikagonga miguu ya mke wangu.

“Unatafuta nini?”

“Panya.”

Akatazama dirisha, akanitazama mimi.

“Na umemuona?”

“Sijaona kitu.”

“Ndo vizuri. Endelea vile vile.”

Nikaelewa. Chakula cha mukwe hakiliki. Lakini chakula cha ndege ni cha ndege, na kuonja kwa ndege hakuna aliyekukataza. Furaha iliyonishika siwezi kuieleza. Nilipika kama napikia askofu.

Halafu wakaja askari, nyumba kwa nyumba. Walichukua redio na viatu vyangu. Kuku walipona kwa sababu mama mukwe aliwafunika na kikapu, akakaa juu yake na rozari yake. Askari mmoja akafungua tundu, akainua karatasi ya chini akitafuta dola. Akakuta mavi. Alipoondoka hakufunga mlango. Chiriku wakatua kwenye mwavokado wa jirani, wakapiga kelele kidogo, wakapotea. Nililia. Mke wangu akadhani ni viatu.

Kesho yake mama mukwe aliomba maji. Keshokutwa maji tena. Ndege hawapo, basi na chakula cha ndege hakipo. Alipokohoa jikoni, kikohozi kilikuwa kidogo hata sikujua kama nirudi nyuma au niende. Niliogopa sana. Niliona jeneza likitoka mlangoni mwangu, na watu wakisema kwamba alikuwa na mukwe mwalimu, akafa njaa.

Nikafunga aproni. Nikachemsha mayai, nikaponda. Ganda nikatupa. Kisha nikachukua chumvi, nikatia. Sikuonja, kwani sahani moja na mama mukwe hailiwi. Nikafikiria kwamba huyu ni mgeni, nikaongeza. Mke wangu akanishika mkono.

“Ndeke banakula chumvi sasa?”

“Hawa wanakula.”

Nikaweka kibakuli kando ya tundu tupu, nikakohoa kwa nguvu, nikaiambia baraza, “Chakula cha ndeke kiko tayari!” Nikaenda kuketi kitandani.

Mke wangu alipokwenda kuangalia alikaa huko. Aliporudi alikuwa na kibakuli. Kilikuwa na kidogo tu chini, fungu la ndege, kama siku zote. Na tunduni, akasema, kuna karatasi mpya na maji safi.

Tukaishi hivyo mpaka barabara ya Nyangezi ikatulia. Siku ya kuondoka alinipa mgongo, nami nikampa wangu, ndivyo tulivyoagana. Akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia: “Umuambie mwenye ndeke, ndeke bake banashukuru. Balikula muzuri.”

Alipokwisha kukata kona, nikaenda barazani. Kibakuli cha asubuhi kilikuwa pale, na fungu la ndege chini. Mwiko ni mwiko, lakini hakuna aliyeniona. Nikaonja.

Lo! Chumvi tupu! Nilikimbilia maji huku mke wangu akicheka mpaka akakaa chini.

“Haukujua? Kila siku mama alikuwa anakunywa bidoni nzima ya maji! Nilitaka nikuambie upunguze. Akakataa.”

“Kwa nini?”

“Alisema, ‘Ndeke habasemi.’”

Nikaketi kando ya tundu, nikamaliza kile kilichobaki, na chumvi yake yote.