Sauti kutoka Mbagala

Mwalimu Tupokigwe alifundisha Kiswahili kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huko Chanika. Mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri mno, hata mfutaji aliuonea huruma. Walimu walimpenda, na walimwogopa pia, maana hakuna aliyewahi kumwona akikosea.

Shule ilipopata vishikwambi na projekta, alishukuru kwa heshima zote, kisha akavifungia kabatini.

“Vikivunjika, nani atajibu?” aliwauliza walimu wake, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ukweli aliujua mumewe tu, Mzee Ansbert. Mama huyo wa Kinyakyusa, aliyeweza kunyamazisha shule nzima kwa kukohoa, hakujua hata pa kubonyeza ili kishikwambi kiwake. Kumwomba mwalimu mdogo amwelekeze, hilo hakuliweza.

Halafu akaitwa Ubungo, kwenye semina ya walimu wakuu kuhusu matumizi ya teknolojia shuleni. Alikwenda shingo upande. Mkufunzi wao, kijana mpole aliyeitwa Audax, hakuanza na vifaa. Alimwuliza kila mmoja, shuleni kwako kinachokuuma ni nini?

“Darasa langu la saba halina mwalimu wa hisabati,” alisema Tupokigwe. “Aliyekuwepo, Elibariki, amehamishwa. Watoto wanakaa tu, na mtihani unakuja.”

Aliyeketi kando yake aligeuka. Alikuwa Mwinjuma, mwalimu mkuu wa shule ya Mbagala, mtu wa vicheko. “Dada, mie ninaye Yustina. Hisabati kwake ni mteremko. Si afundishe madarasa yote mawili kwa mpigo, lako na langu, kwa simu ya video?”

“Anzeni hapohapo,” Audax akasema. “Mwalimu mkuu si lazima awe fundi. Lakini mkiogopa nyie, shule nzima itaogopa.”

Maneno hayo yalimwingia. Mchana kutwa yeye na Mwinjuma wakawa wanapigiana simu za video, wameketi bega kwa bega.

“Unanisikia?” Mwinjuma alipaza sauti.

“Nakusikia kwa sikio hili lingine!” alijibu Tupokigwe, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Aliporudi Chanika aliwaita walimu ofisini, akafungua kabati mbele yao.

“Jamani, hivi vitu nilivifungia kwa sababu nilikuwa sijui kuvitumia. Niliona haya, mtanicheka.”

Ndipo Noela, mwalimu wa darasa la pili, akasema polepole, “Mwalimu Mkuu, na sie tulikuwaga tunaogopa kukuomba.” Mmoja akacheka, wote wakafuata. Jioni hiyo Noela alimkalisha mkuu wake kitini, akamwelekeza kama anavyowaelekeza wale wadogo kushika penseli.

Siku ya somo la kwanza ikafika. Darasa la saba lilibanana, madirisha yamezibwa kwa khanga ili picha ionekane ukutani. Yustina alitokea, akasalimia, akachora pembetatu. Halafu mtandao ukagoma. Picha ikaganda, mwalimu wa watu mdomo wazi, na watoto wakavunjika mbavu.

“Mama, shikamoo,” sauti ya Yustina iliendelea kusikika. “Mnaniona?”

“Marahaba, mwanangu. Hatukuoni, ila tunakusikia.” Tupokigwe alitazama ile picha, akawatazama watoto. Zamani angesema basi, fungeni vitabu. Akachukua chaki. “Wewe sema. Mie nitaandika.”

Basi Mbagala ikasema, Chanika ikaandika. Kitako, sentimita kumi, akachora. Kimo, sentimita sita. Hapo mkono wake ukafuata ubavu wa pembetatu, mstari umelala upande.

“Siyo hapo, mwalimu!” darasa zima likapiga kelele. “Kimo kinasimama wima!”

Noela, aliyesimama mlangoni, alishika mdomo. Tupokigwe aliganda na chaki yake. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kutoka tumboni ambacho hakuna aliyewahi kukisikia pale shuleni. “Kwa nini kisimame? Nielezeni vizuri, mie ni mtu wa Kiswahili.”

Wakamweleza, huku wanadakiana maneno. Yustina kule alinyamaza na kuwasikiliza, maana somo lilikuwa linajiendea lenyewe. Walipopata eneo lake, sentimita za mraba thelathini, hata wale wa mwisho waliokuwa hawanyanyuagi mkono walikuwa wamesimama juu ya madawati.

Mtandao ulikuja kutengemaa, lakini watoto hawakukubali Mwalimu Mkuu aondoke ubaoni. Ikawa hivyo kila wiki, Yustina anasema, yeye anaandika, na wanapishana maneno kama mama na bintiye jikoni. Vishikwambi vikazoeleka. Noela alirekodi hadithi kwa ajili ya watoto wa la pili, na mwalimu wa sayansi akawaonyesha wanafunzi moyo unavyodunda.

Karibu na mtihani, Mwinjuma alimleta Yustina Chanika. Wanafunzi walimsubiri getini tangu asubuhi. Aliposhuka, walimtazama juu hadi chini, wakatazamana.

“Shikamoo, mwalimu,” mmoja alisema. “Kumbe wewe ni mfupi hivyo!”

Yustina alicheka hadi machozi. Tupokigwe akamshika mkono, akampeleka darasani, na mara hii yeye akaenda kuketi dawati la nyuma, kati ya wanafunzi wawili waliosogea kumpa nafasi.