Jina Moja kwa Mahindi Mapya

Nilipokuwa mtoto niliogopa mahindi mapya. Kwa nyanya yangu, mama yake mama, katika kijiji kimoja cha Kabambare, mashariki mwa Kongo, hakuna mtoto aliyeonja mahindi ya kwanza kabla ya kupakwa pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, huku nyanya akitaja majina ya babu za mtoto huyo wa upande wa baba, waliokwisha kufa. Ilikuwa namna ya kuwaambia wafu: huyu ni wenu, mwacheni ale. Asiyetajiwa majina angevimba tumbo.

Baba yangu alizaliwa Haiti. Alikuja Kongo akiwa kijana kufundisha hesabu, akaoa mjini Kasongo, hakurudi kwao. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Alinieleza pembetatu za kila aina. Kuhusu baba yake mwenyewe hakusema neno hata siku moja.

Nilikuwa na miaka minane tulipofika kwa nyanya kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Asubuhi yake watoto tulipangwa mstari uani tupakwe pemba. Binamu yangu Faida alipata majina matano, akanitazama ili nijue kwamba ni matano. Nyanya aliponifikia, alisimama, kidole cheupe kikiwa hewani, kisha akanipita.

“Weye ngoja,” alisema. “Siwezi kudanganya wafu.”

Faida alikaa karibu nami akitafuna. Akasema babu zangu wako mbali mno, labda hata Kiswahili hawasikii, bora nile muhogo.

Nilimwendea baba barazani, nikamwomba majina. Alisema tumbo huvimba kwa minyoo, si kwa majina. Nikalia. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hakumjua baba yake. Na kwamba kwao watu walichukuliwa kutoka Afrika kwa minyororo wakapewa majina ya waliowanunua. Hata angelijua moja, lingekuwa la nani?

Nyanya alisikia. Kwetu mama mkwe hamgusi mkwe wake; hata sahani hampi mkononi. Alikuja na kibakuli cha pemba, akakiweka chini mbele yangu, akageuza uso.

“Mupake baba yako.”

Nilimpaka. Mstari ulipinda hadi kwenye nyusi. Baba alifumba macho akavumilia, kama mtu anayenyolewa. Kisha nyanya akanipaka mimi, akataja jina moja tu, la mtu aliyekuwa hai, akipumua hapo hapo.

Nilikula kwa pupa. Jioni tumbo lilinivimba. Faida alisema jina moja halikutosha. Baba alisema mahindi yalikuwa mengi. Hadi leo sijui, na inaniudhi kwamba sijui, mimi niliyesoma chuo kikuu.

Linaloniudhi zaidi ni jingine. Baba amekufa, kaburi lake liko Kasongo, na jina lake sasa linaweza kutajwa inavyopaswa, miongoni mwa wafu. Lakini mimi ni mwanamke, na nina mimba ya kwanza. Mtoto wangu atatajiwa babu za upande wa baba yake, wengi, na mstari ulioanza kwa kidole changu utaishia kwangu. Nilimwomba Faida, ambaye ndiye anayepaka siku hizi, amwongezee mtoto jina hilo moja. Akasema si desturi. Nikamkumbusha kwamba nyanya hakuitafuta desturi siku ile; alitafuta njia.

“Nitawaza, dada,” alisema.

Mahindi ya mwaka huu yamekomaa. Bado anawaza.