Karatasi ya Miraba

Jumatano ile asubuhi Baba Ndunge alikuwa anakula isyo ya jana, mahindi na maharagwe, amesimama mlangoni, na vumbi la mawe bado liko kwenye nyusi. Nikamwambia anawe uso. Akasema hiyo ndiyo poda yake, hata mimi nilipaka ya duka na hakuna aliyenisifu. Ndivyo alivyokuwa. Jina lake Odera, mtu wa ziwa. Alikuja Lukenya kuchonga mawe kwenye kwari, akanioa mimi Mkamba wa Wamunyu, na Kikamba chake kilimfanya mama yangu acheke mpaka ashike mbavu.

Kura ya mwaka wa elfu mbili na saba ilikuwa imepigwa, na nchi ilikuwa inaungua, watu wakiwindana kwa kabila. Sisi tulikuwa tunasikia kwa redio tu. Lakini ndugu yangu Kioko, mchonga vinyago, alikuwa amepiga simu mara mbili kutoka nyumbani Wamunyu.

"Lete shemeji huku. Atakaa karakana. Nani atamtafuta katikati ya twiga wa mbao?"

Odera alitaka twende. Begi alikuwa ameshafunga. Mimi ndiye nilikataa. Hilo nalisema kwanza, kabla sijataja wengine.

Nilikataa kwa sababu ya mchungaji Mulwa. Jumapili alituhubiria Danieli na simba, akasema mtu akikimbia anamwambia Mungu kwamba mkono wake ni mfupi. Nikaamini. Mke wake na watoto alikuwa ameshawapeleka Mumbuni siku moja kabla, lakini hiyo nilikuja kuijua baadaye.

Kanisa letu la mabati lilikuwa na desturi. Kila Jumatano saa saba, mashine za kwari zikinyamaza, tulikuwa hatuli chakula cha mchana. Tulikuwa tunaomba. Kila mmoja aliandika haja yake kwa karatasi, akaiweka kwenye kikapu mbele, wazee wakaiombea wiki nzima. Sisi tusiojua kuandika, maana mimi niliachia darasa la tatu, tuliandikiwa na karani wa kanisa, Kimeu.

Nikampa karatasi ya miraba niliyochana kwa daftari la hesabu la Ndunge.

"Haya, Mama Ndunge, tumwambie Mungu nini?"

"Amfiche Baba Ndunge."

"Kina Ndunge ni wengi hapa. Asije akaficha wa mwingine." Wanawake wakacheka. "Nyumba gani?"

"Nyuma ya tangi. Ya pili."

"Mlango?"

"Wa bluu. Kimeu, kwani Mungu anakuja kwa miguu?"

"Mwaitu, mama yangu, siku hizi ni mbaya. Afadhali aelekezwe."

Tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Siku hiyo aliandikia wanawake wanne, na wote waume zao walikuwa wametoka mbali. Hakuna aliyeliona hilo.

Alhamisi saa nne nilikuwa naanika nguo.

Vijana wakatokea upande wa kwari. Nyuma yao Nthenge, msimamizi wa kwari, mikono mfukoni.

Hawakuuliza mtu. Walipita tangi. Wakahesabu milango.

Aliyetangulia alishika karatasi ya miraba.

Mimi si msomi, lakini karatasi ya mtoto wangu naijua. Kwenye pembe kulikuwa na hesabu aliyokosa, na alama nyekundu ya mkasi aliyotia mwalimu.

Nikapiga kelele.

Odera alitoka mwenyewe. Ndunge alikuwa ndani, chini ya kitanda, na baba yake hakutaka waingie. Akawaambia kwa kile Kikamba chake, "Nyinyi mnanijua."

Mmoja akacheka. Ni kweli, walimjua. Huyo aliyecheka, Odera ndiye alimfundisha kushika patasi.

Nikamwita Nthenge kwa jina lake. Akageuza uso.

Walitumia nyundo zake mwenyewe.

Barabara zilikuwa zimefungwa, hatukuweza kumpeleka kwao ziwani. Tulimzika Wamunyu, mbali na baba zake. Kioko alimchongea msalaba. Odera alifika kule kule alikotaka kwenda, kwa gari la kubebea vinyago.

Pale kaburini Mulwa akasema Mungu ana sababu zake. Nikamjibu mbele ya watu, "Sababu naijua, mchungaji. Inaitwa Kimeu." Mama akanivuta kanga.

Nilienda polisi. Yule wa mezani aliandika majina yote, Kimeu, Nthenge, na yule kijana wa patasi. Akauliza ushahidi. Nikasema ni karatasi. Akasema, "Na hiyo karatasi iko wapi, mama?" Akafunga kitabu.

Mwezi haukuisha kabla Nthenge na Kimeu hawajaanza kuchimba shimo la mawe walilokuwa wamelifungua Odera na wenzake. Kimeu leo ni mzee wa kanisa. Amejenga nyumba ya mawe, na mimi najua mawe yake yametoka wapi.

Watu huniuliza kama bado namtegemea Mungu. Namtegemea, na nimemkasirikia, yote mawili, na sijui nitamaliza lini. Nilimwomba amfiche mume wangu, nikakaa kungoja. Siku hizi nafikiri alikuwa ameshajibu kabla sijaandikiwa. Alipiga simu mara mbili kwa sauti ya Kioko. Begi lilikuwa mlangoni. Mimi nilitaka simba wafungwe midomo.

Sasa naishi Mumbuni, nauza mboga. Ndunge ni mtu mzima, na mpaka leo hapendi kitanda cha miguu mirefu, analala kwa godoro chini. Kanisa ninaloenda pia wanaandika karatasi. Juzi dada mmoja akanijia na kalamu.

"Mama Ndunge, nikuandikie?"

Nikaichukua ile karatasi, nikaikunja vile vile, nikaiweka kwenye kikapu.

"Lakini hujaandika kitu, mama."

"Mlango anaujua," nikamwambia.